Mkwe Asiyetia Sahihi

Mzee Jamleck alingoja mpaka vyombo vikaondolewa mezani na mgeni akamiminiwa chai. Ndipo akaingia chumbani, akarudi na michoro mikubwa imeviringwa kama mkeka. Akaikunjua juu ya meza, akaikandamiza kwa Biblia upande mmoja na kwa bakuli la sukari upande wa pili.

“Sasa, Daktari,” alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu watoke kanisani. “Tumekula, tumeomba, na umeona boma. Hii ndiyo nyumba.”

Lornah Awuor hakuhitaji kuelezwa ni nyumba gani. Alikuwa ameketi ndani yake. Lilikuwa jengo la orofa nne pale Kinoo, hatua chache kutoka barabara ya Waiyaki, limejaa wapangaji kutoka juu hadi chini. Mzee na mkewe waliishi chini kabisa, na kando yao Kuria, kifungua mimba wao, alikuwa na duka la dawa za mifugo. Kuria ndiye aliyemleta Lornah leo, kwa mara ya kwanza, aonwe na wazazi.

“Naona mmechora orofa mbili zaidi juu,” Lornah alisema.

“Mbili tu. Watu wanatafuta nyumba kila siku, tunawarudisha.” Mzee alisukuma kalamu kuelekea kwake. “Kaunti wanataka sahihi na muhuri ya injinia. Yule wa kwanza alikuwa na maneno mingi, nikamwacha. Halafu nikajiuliza, mbona nihangaike na watu wa nje, na Mungu ameniletea injinia mpaka kwa mlango?”

Lornah aliitazama ile kalamu. Kwa miaka kumi sasa alikuwa akifundisha chuo kikuu pale katikati ya jiji jinsi nguzo zinavyobeba nyumba, na utafiti wake wote ulihusu majengo ya zamani yanayoongezewa uzito ambao hayakujengewa. Kabla ya chakula mzee alikuwa amempandisha hadi juu ya paa amwonyeshe mashamba ya Kinoo yalivyobaki machache. Mzee alionyesha mashamba. Lornah aliona mambo mengine.

Aliinua macho akamtafuta Kuria. Kuria alikuwa akikikodolea macho kikombe chake kama mtu aliyeangusha kitu ndani ya chai.

“Baba,” Lornah alianza kwa upole, “nguzo za nyumba hii zilijengewa orofa nne.”

“Na zimebeba orofa nne. Umewahi kusikia zikilalamika?”

“Nimepanda ngazi pamoja na wewe. Boriti ya orofa ya pili ina ufa ambao ningeweza kuingiza kidole. Kwenye ngazi vyuma vimetokeza nje ya nguzo na vimeshika kutu. Kabla ya kuongeza hata jiwe moja, nyumba hii inafaa kupimwa yote. Mimi na wanafunzi wangu tunaweza kuja kuipima.”

“Sikukuuliza upime. Nilikuuliza uandike jina.”

Mama Kuria alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni mkononi. Tangu asubuhi hakuwa amemwambia Lornah mengi zaidi ya “karibu” na “ongeza chapati.”

Mzee aliegemea kiti. Sauti yake ikawa ya kirafiki zaidi, na hapo ndipo Lornah alipoanza kuogopa.

“Wacha nikwambie kitu, mami. Watu wangu wamesema mengi. Oh, huyo msichana ametoka mbali. Oh, amempita kijana na miaka, amempita na masomo. Mimi nikawanyamazisha. Nikasema huyu ni mtoto wetu. Sasa mtoto wa boma anaweza kukataa kusaidia boma? Weka sahihi leo, na Jumamosi wazee wanafunga safari ya Siaya kuona watu wa kwenu.”

“Na nisipoweka?”

“Basi hao wazee wako na kazi zingine Jumamosi.”

Huko juu mtoto wa mpangaji alikuwa akikimbia huku na huko, na mlio wa miguu yake ukashuka hadi mezani pale. Lornah alimtazama Kuria tena, safari hii bila kuficha. Alimtazama mpaka akajua kwamba kila mtu chumbani ameona anamtazama. Kuria akafungua mdomo, akaufunga.

Lornah akasimama.

“Mama, asante kwa chakula. Baba, asante kwa kunipokea nyumbani kwako. Lakini jina langu sitaliandika hapo. Si leo, si Jumamosi, si siku nyingine.”

“Lornah,” Kuria alisema hatimaye, “keti kwanza.”

Neno hilo ndilo lililomchoma kuliko yote ya mzee.

*

Kuria alimrudisha mjini kupitia Kangemi. Pikapu ya Kuria ilinuka dawa ya kuogeshea ng’ombe, harufu ambayo kwa mwaka mzima Lornah alikuwa ameizoea mpaka akaipenda. Walikuwa wamekutana mara ya kwanza Mutuini, katika ploti ambayo mama yake Lornah alipanga nyumba baada ya kustaafu ualimu. Ng’ombe wa mwenye ploti alikuwa ameshindwa kuzaa, na Kuria, daktari wa mifugo, matope hadi magotini, akageuka akamwambia mwanamke wa kwanza aliyemwona amsaidie kuvuta kamba. Lornah alikuwa na viatu vya kwenda harusini. Alivivua, akavuta. Ndama alipotoka Kuria akamuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu, “Mimi pia ni daktari.” Hadi leo walikuwa wakitaniana kwamba wao ni madaktari wawili, na mtu akiugua malaria hawana msaada wowote.

Leo hakuna aliyetania.

“Ungesema utafikiria,” Kuria alisema walipokuwa wakikaribia Westlands. “Ungempa mzee hata wiki moja apoe. Mbona umkatalie mbele ya mama?”

“Yeye mbona aniulize mbele ya mama?”

“Ni baba yangu, Lornah.”

“Na yule mtoto aliyekuwa akikimbia juu yetu, ni wa nani?”

Kuria akabadilisha gia.

“Niulize nini kiliniuma,” Lornah aliendelea. “Si mzee. Mzee nilimtarajia. Nilikuangalia wewe, Kuria. Mtu ambaye ataniambia mbele ya kanisa kwamba atasimama na mimi kwa shida na raha. Shida ndiyo hiyo ilikuja leo, mezani, na chai. Ukaniambia nikae chini.”

“Nilikuwa nimeshikwa pande mbili!”

“Nilijua umeshikwa. Nilitaka tu kuona ungejivuta kwenda wapi.”

Kuria alipaki nje ya lango la nyumba ya Lornah, Muthangari. Aliushika mkono wake kabla hajashuka, na Lornah aliuacha ushikwe, kwa sababu bado alimpenda na mkono haujui kudanganya. Kisha akautoa taratibu.

“Siku ukipata sauti,” alimwambia, “unajua ninapofanya kazi.”

Hakugeuka nyuma mpaka alipofunga mlango. Ndipo akakaa sakafuni na gauni lake zuri, akalia.

Mama yake alipiga simu kabla machozi hayajakauka. Habari kutoka Kinoo kwenda Mutuini haikuhitaji gari.

“Nyara,” mama alisema, mwanangu kwa lugha yao. “Nimesikia. Hebu niambie, sahihi ni nini? Si ni wino tu?”

“Mama, nyumba ile ikiongezwa inaweza kuanguka.”

“Inaweza. Pia inaweza kusimama. Ziko nyumba ngapi zimesimama vibaya hapa Nairobi? Wewe uko na miaka thelathini na sita, Lornah. Huyo kijana ni mzuri. Kanisa lote linajua. Usiniaibishe kwa sababu ya simiti.”

“Ikianguka, wataleta tingatinga na kuchimba watu. Halafu watauliza ni injinia gani alipitisha, na watasoma jina ulilonipa wewe. Hiyo si aibu?”

“Na usipoolewa?”

“Basi sitakuwa nimeolewa, Mama. Lakini nitakuwa ninalala usingizi.”

*

Kuria hakupiga simu Jumapili hiyo wala Jumatatu. Jumanne Lornah aliingia maabara akiwa amepaka midomo rangi nyekundu kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba hakuna mwanafunzi atakayesema Daktari anaonekana kama mtu aliyeachwa.

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo lao katikati ya jiji, ukumbi mrefu unaonuka vumbi la simiti na mafuta ya mashine. Wanafunzi wa mwaka wa nne walizunguka mashine ya kukandamiza. Ndani yake ilisimama nguzo fupi ya konkriti, yenye urefu wa mtoto wa chekechea, waliyoimwaga wenyewe mwezi uliopita.

“Joash, vaa kofia, kichwa chako bado tunakihitaji,” Lornah alisema. Wakacheka. “Tunaanza. Kila mtu aangalie nguzo, si simu.”

Mashine ikaanza kunguruma. Mzigo ukapanda polepole. Nguzo ikakaa tu, kama haioni kitu.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Kuria akaingia na gambuti zake miguuni, akasimama nyuma ya wanafunzi. Hakuwa amenyoa ndevu. Moyo wa Lornah ukaruka, akauambia utulie.

“Mgeni, tukusaidie?” Shiru, mwanafunzi wa mstari wa mbele, aliuliza.

“Nimekuja kusikiza tu,” Kuria alisema. Kisha akainua mkono kama wengine. “Lakini niko na swali, kama Daktari anaruhusu.”

Lornah alikaza macho kwenye mashine. “Uliza.”

“Kama nguzo imejengewa orofa nne, na imesimama miaka kumi na tano bila shida. Ukiongeza mbili, si itaonyesha dalili kwanza? Ndiyo watu wapate muda wa kutoka?”

Aliuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayetaka kweli kujua, na Lornah akamjibu vivyo hivyo.

“Boriti mara nyingi huonyesha. Hupinda, hupasuka, watu wakaona. Nguzo yenye vyuma vichache na konkriti mbovu haina tabia hiyo. Angalia hii. Imebeba karibu nguvu zake zote na haina hata mkwaruzo. Ungepita hapa ungesema iko sawa. Ungewaambia wapangaji wako kwamba—”

Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Nguzo ilipasuka katikati na vipande vikagonga wavu wa mashine. Wanafunzi wawili walipiga kelele. Kuria, aliyezoea fahali wenye hasira, alirudi nyuma hatua mbili na mkono kifuani.

Vumbi likatulia.

“Hivyo ndivyo,” Lornah alisema. “Kuna swali lingine?”

“Ndiyo.” Sauti ya Kuria ilikuwa ikikwaruza. “Mtu akinyamaza siku moja ambayo alifaa kuongea, Daktari, anaweza kusamehewa?”

“Woooi!” Shiru alisema, akajifunika mdomo. Joash akamgeukia Kuria, akamgeukia mwalimu wake, akatabasamu mpaka masikioni.

“Hilo haliko kwenye mtihani,” Lornah alisema, na akasikia uso wake ukipata moto. “Andikeni ripoti. Darasa limekwisha.”

“Lakini Daktari, tunataka kusikia jibu!”

“Limekwisha, Joash!”

*

Pikapu ilikuwa imeegeshwa nje, na nyuma yake ilijaa maboksi ya dawa, mabomba ya kunyunyizia na mizani ya kupimia nguruwe. Lornah alivitazama vitu hivyo, kisha akamtazama yeye.

“Jana lori ilileta balasti na mawe,” Kuria alisema. “Mzee amepata injinia mwingine. Huyo hataki hata kuona nyumba, anangoja tu kuletewa karatasi. Fundi walikuwa wanaanza kupandisha mawe juu. Nikasimama mbele ya lori, nikaambia dereva arudi nayo. Mzee akatoka. Tukaongea.”

“Mkaongea?”

“Tukapiga kelele. Kinoo yote ilisikia. Nilimwambia sitaki kurithi nyumba ya kuzika watu. Akasema basi nisirithi. Leo asubuhi nimekuta duka imefungwa na vitu zangu ziko nje.” Alijaribu kucheka, akashindwa. “Nimefukuzwa, Lornah. Sina duka. Jumapili ulikuwa unakataa kijana ya landilodi. Leo umeletewa mtu wa kubeba maboksi.”

“Na ulikuja hapa kuniambia hayo?”

“Nilikuja kukuambia kwamba Jumapili niliogopa. Si baba peke yake. Niliogopa kwa sababu nilijua uko sawa, na nilijua nikisema hivyo hakuna kurudi nyuma. Sasa nimesema. Hata ukiniambia niende, sitarudisha hayo maneno.”

Watu walipita, wanafunzi wakiwatupia macho na kunong’onezana. Lornah alitaka kumkumbatia hapo hapo. Badala yake akafungua mlango wa pikapu, akaingia, akafunga mkanda.

“Twende Kinoo.”

“Kufanya nini? Nimekuambia nimefukuzwa!”

“Wewe umefukuzwa. Mimi sijafukuzwa, niliondoka mwenyewe. Na ninataka baba yako asikie kutoka kwa mdomo wangu, asije akasema nilimtuma mwanawe.”

*

Lori lilikuwa limerudi. Waliliona kabla hata hawajaegesha, na mafundi walikuwa wamepanga mstari wakipokezana mawe kuelekea ngazini. Mzee Jamleck alikuwa amesimama uani na kofia yake ya Jumapili, akiwahimiza. Alipowaona alishusha mkono.

“Mmefuata nini?”

Lornah alitembea mpaka mbele yake. Viatu vyake vya ofisini vilizama kwenye mchanga. Wapangaji walianza kutokea kwenye baraza za juu, mmoja mmoja, wengine na watoto mgongoni.

“Hujambo, Baba. Nimekuja kukwambia mambo mawili, nikuambie machoni. La kwanza, nampenda mwanao, na nitaolewa naye. Wazee wako wakienda Siaya nitafurahi sana. Wasipoenda, nitaolewa naye bado.”

“Kwa boma ya nani?”

“Tutatafuta. La pili, hizo orofa hazitajengwa. Yule mtu akiweka sahihi bila kupima, nitakwenda kaunti, nitapeleka barua kwa wakubwa wa wahandisi wote, na jina langu litakuwa chini ya barua hiyo. Hapo nitaliandika kwa furaha.”

Kutoka juu mtu mmoja alipiga mluzi. Mzee akamsogelea Lornah.

“Unanitisha kwangu?”

“Ningetaka kukutisha ningekaa mjini nikaandika. Nimekuja kwa sababu ninakuheshimu. Nipe wiki mbili nipime hizi nguzo na wanafunzi wangu. Tukikuta zinaweza kuimarishwa, nitakuchorea mimi mwenyewe jinsi ya kuziimarisha, uendelee kukaa na wapangaji wako kwa amani. Lakini juu usiongeze.”

“Fundi!” Mzee aligeuka. “Endeleeni na kazi! Huyu hajui—”

“Baba Kuria.”

Mama Kuria alikuwa ametoka. Alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, mwanamke mfupi mwenye leso kichwani, na hakupaza sauti.

“Sisi tunalala wapi?” aliuliza.

“Nini?”

“Nauliza tu. Usiku. Mimi na wewe tunalala orofa gani?”

Mzee alimtazama kana kwamba amemwona leo. “Chini.”

“Chini. Na juu yetu kuna nyumba hii yote na watu wote hawa. Nimeishi hapa tangu siku ya kwanza, na hakuna siku umewahi kuniuliza kama nasikia hiyo boriti ya jikoni ikilia mvua ikinyesha. Mimi husikia. Nilikuwa nafikiria ni panya.” Aliteremka ngazi mbili, akamgeukia msimamizi wa mafundi, mwanamume mwenye shati la bluu. “Weka hayo mawe chini. Mwende nyumbani.”

Yule mwanamume alisitasita. “Mzee?”

Mzee Jamleck aliangalia wapangaji waliojaa kwenye baraza, akamwangalia mwanawe aliyesimama na mikono imelegea kando, akaiangalia nyumba yake yote kutoka chini hadi juu. Kisha akavua kofia, akaingia ndani, na mlango ukagonga nyuma yake.

“Amesikia,” Mama Kuria aliwaambia mafundi. “Nendeni.”

Mawe yakaanza kuwekwa chini, moja baada ya jingine. Kuria alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akapiga hatua kumwendea mama yake, lakini mama aliinua mkono akamsimamisha. Alikuwa akimtazama Lornah.

“Usidhani nimekupenda,” alisema. “Jumapili uliacha mume wangu na aibu kwa meza yangu, na hiyo bado sijameza. Hao wazee bado watasema, na mimi nitasema nao.”

“Najua, Mama.”

“Lakini nimekuamini. Ukiniambia hapa ni salama, nitalala. Ukiniambia nihame, nitahama. Kukupenda, tutaona.”

Lornah alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hili.

“Inanitosha, Mama,” alisema.

Kuria akaja kando yake. Hapo uani, mbele ya mama yake, mbele ya mafundi, mbele ya wapangaji wa orofa zote nne, mahali ambapo mwanamume hamshiki mwanamke hadharani wazazi wakiona, aliuchukua mkono wake akaushika. Mama Kuria aliona. Akakunja uso, akatoa sauti ya kutoridhika, akageuka kurudi kwa mumewe.

Lornah hakuutoa mkono.